Tuhesabu Samaki Kabla ya Kuchimba Bwawa

Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, hapa Kisangani, siku tulipozungumza juu ya feza ya kasha na mabwawa ya samaki. Aliyesema ni mwanachama wetu aliyekuwa zamani monitera wa kilimo. Wengi waliokosa mkutano wameomba kuyasoma. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa. Maswali ya mwisho tumeyafupisha.

Ba mama, ba papa, vijana, jambo kwenu wote.

Prezida ameniomba niseme kuhusu samaki, na ameniambia nisikawie, juu ya mvua. Nitajaribu. Ila naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mwisho wa mkutano huu tutanyanyua mikono kuhusu feza yetu, na feza hiyo haikuokotwa. Kuna aliyerudi na begi moja tu. Kuna aliyekuta nyumba haina bati. Kila falanga iliyo katika kasha ni siku ya mtu aliyenyima watoto wake kitu fulani.

Shauri lililo mezani linasema: kila familia ipewe feza ya kuchimba bwawa lake, na ya kununua samaki wadogo wa kuanzia, wale tunaowaita alevini. Mimi sipingi samaki. Mimi napenda samaki kuliko wengi wenu! Ninachopinga ni kuanza na koleo kabla ya kuanza na hesabu.

Semeni mnachojua wenyewe. Njia ya Buta, njia ya Ituri, upande wa Lubunga, kote tunapita mabwawa yaliyoota majani. Ukimwuliza mwenyewe, atakujibu: "Papa, samaki haikufa. Samaki ilikuwa mingi! Lakini yote kidogo kama kidole." Jibu hilo nimelisikia mara nyingi kuliko jibu lingine lolote. Si mwizi, si nyoka, si ugonjwa. Bwawa lilijaa samaki, na bado likashindwa.

Basi neno langu la leo ni moja: bwawa dogo linauawa na wingi. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Kwa nini wanabaki wadogo

Samaki tunayefuga ni tilapia, na zaidi ile inayoitwa tilapia ya Nili. Ni samaki mwema. Hana ukali wa chakula: anakula ule ukijani wa maji, anakula pumba za mchele, anakula mchwa. Joto letu linamfaa, kwa sababu sisi tuko karibu kabisa na ikweta na maji yetu hayapoi. Hafi ovyo.

Lakini wema wake ndio ubaya wake. Tilapia jike hutaga mayai, dume anayatia mbegu, halafu jike anayachukua kinywani. Anayaatamia humo humo. Watoto wakitoka, wakiona hatari wanarudi kinywani kwa mama yao. Kwa hiyo watoto wengi wanapona. Katika mto mkubwa hilo ni jambo jema, kwa sababu mto una mbenga, una mamba, una ndege, una Wagenya na mitego yao ya maporomoko. Mto unapunguza wenyewe. Katika bwawa la meta 10 kwa 20, nani atapunguza?

Sasa sikilizeni. Tilapia wa bwawani hangoji kuwa mkubwa ndipo azae. Kwa miezi mitatu au minne, akiwa na gramu 30 hivi, tayari ni mama. Akishatoa watoto, baada ya wiki nne au sita anaweza kuanza tena. Na watoto wake nao baada ya miezi michache wanazaa. Chakula unachotupa ni kile kile, maji ni yale yale, hewa ya majini ni ile ile. Mwezi wa sita ukikausha bwawa unakuta samaki maelfu, na wa kupeleka sokoni hakuna.

Tena kuna jambo la pili: jike anakua polepole kuliko dume. Nguvu yake anaimaliza katika mayai, na siku anazobeba watoto kinywani hali kitu. Dume anaenda mbele. Kwa chakula kile kile na siku zile zile, dume anaweza kufika karibu mara mbili ya uzito wa jike.

Mwenye akili anaona dawa iko wapi. Weka madume peke yao.

Hii si hadithi mpya

Vijana wanadhani mabwawa yaliletwa juzi na miradi. Hapana. Katika nchi yetu majaribio ya tilapia yalianza Katanga mwaka 1937, na Kenya walikuwa wameanza kabla yetu, mwaka 1924. Baada ya vita ya pili ya dunia Wabelgiji wakaweka kituo cha utafiti wa samaki Kipopo, karibu na Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Wakasukuma watu wachimbe. Mwisho wa miaka ya 1950 nchi hii ilihesabiwa kuwa na mabwawa zaidi ya 100,000. Laki moja na zaidi! Baada ya uhuru mengi yaliachwa. Kuna waliochimba kwa kuogopa amri, na amri ilipoondoka nao wakaondoka. Lakini sababu nyingine ni ile ile ya kidole: mtu hachungi bwawa linalompa samaki wa kulisha paka.

Na wataalamu waliiona shida hiyo mapema. Mwaka 1960 mtaalamu Mwingereza, Hickling, aliyekuwa akifanya kazi Malacca, kule Asia, alitoa habari iliyowashangaza wengi. Alichukua tilapia jike wa aina iliyokuwa Java, akampandisha kwa tilapia dume wa aina nyingine iliyotoka Zanzibar. Watoto waliozaliwa wote walikuwa madume. Samaki wa pwani yetu ya Kiswahili ndiye aliyeonyesha dunia njia hiyo! Baadaye Waisraeli nao walifanya hivyo kwa kuchanganya tilapia ya Nili na tilapia ya bluu.

Marekani wana mfano unaofanana, ingawa samaki ni mwingine kabisa. Wana samaki mdogo wa mabwawa, mpana kama kiganja. Wanachukua dume wa aina moja na jike wa aina nyingine, na machotara wanaotoka ni madume kwa sehemu kubwa kabisa, tisa katika kumi na zaidi. Wanakua haraka na wanauma ndoano kwa nguvu, kwa hiyo mtu mwenye bwawa dogo nyuma ya nyumba anawapenda sana.

Mtaniuliza: basi si tununue machotara? Ngojeni. Chotara ana sharti lake. Lazima baba awe safi wa aina yake na mama awe safi wa aina yake. Siku mmoja wa wazee hao akiwa ameshachanganyika, hesabu inavunjika, majike wanaanza kuonekana. Na chotara mwenyewe si tasa. Wale majike wachache wakizaa na wale madume, watoto wao hawafuati tena sheria ya wazazi. Hata Wamarekani wanajua hilo: mwenye bwawa analazimika kuweka samaki mla-watoto, na baada ya miaka kadhaa kutoa wote na kununua upya. Sasa sisi hapa, nani ametunza aina mbili safi, kila moja katika bwawa lake, bila kuchanganyika? Mtu akikuletea bidoni kwa toleka na kusema "hawa ni chotara, wote madume", mwambie amgeuze mmoja tumboni umwone.

Kuna pia alevini wanaogeuzwa kuwa madume kwa dawa inayochanganywa katika chakula chao majuma ya kwanza. Hiyo ni kazi ya kituo chenye wataalamu na vipimo. Si kazi ya uani.

Kwetu imebaki njia ya mkono. Ni ya zamani, haina gharama, na inamfaa mtu mwenye bwawa moja au mawili.

Kuchagua kwa mkono

Unamlea alevini katika bwawa dogo mpaka afike gramu 30 hivi, urefu wa kidole cha kati au kuzidi kidogo. Chini ya hapo macho hayaoni. Unamshika kwa mkono uliolowa, unamgeuza tumbo juu. Utaona kwanza tundu la choo. Nyuma yake kuna kinyama kidogo. Kwa dume kinyama hicho kimechongoka, kina tundu moja nchani. Kwa jike ni cha mviringo zaidi, kina tundu nchani na katikati kina mkato mdogo wa kulala, ndio mlango wa mayai. Kwa hiyo hesabu ni nyepesi: dume matundu mawili, jike matatu. Kama huoni vizuri, paka tone la wino au ile dawa ya bluu ya vidonda, mkato utajitokeza.

Fanyeni asubuhi, kwenye kivuli, na mabasini mawili yenye maji safi. Mama mwenye macho mazuri anafanya kazi hiyo kuliko sisi wazee wa miwani. Siku ya kwanza utakosea sana. Siku ya tatu mkono unazoea. Lakini hata mkono uliozoea unaweza kukosea mmoja katika kumi, na jike mmoja aliyepita anatosha kuharibu hesabu yako. Kwa hiyo tunaweka mlinzi.

Mlinzi ni ngolo, wengine wanamwita kambale. Baada ya mwezi mmoja tangu kuweka madume, unaingiza ngolo wachache, wadogo kuliko tilapia zako. Kwa bwawa la meta 10 kwa 20, ishirini wanatosha. Watakula vitoto vitakavyozaliwa, wala hawatawaweza wakubwa. Usiingize ngolo mkubwa siku ya kwanza, atakula mtaji.

Na majike? Msiwatupe. Wachache wazuri mnawaweka bwawa la uzazi, majike watatu kwa dume mmoja, ndio watatupa alevini wa zamu inayofuata. Waliobaki ni maboke ya jioni.

Sasa hesabu. Bwawa la meta 10 kwa 20 ni are mbili, yaani meta 200 za mraba. Ukiweka madume wawili kwa kila meta, ni 400. Tuseme kwa miezi sita umepoteza 40, wamebaki 360. Tuseme hukufanya miujiza, kila mmoja amefika gramu 150 tu. Hiyo ni kilo 54 za samaki ambao mama anaweza kuwapanga sokoni mmoja mmoja bila haya. Wale wa kidole, hata wakiwa kilo nyingi, unawauza kwa kikombe.

Maji na chakula, kwa ufupi

Maji ya vijito vyetu vya msitu ni mekundu kama chai na ni makali kwa samaki. Kabla ya kujaza, tandazeni majivu ya kuni au chokaa chini ya bwawa. Upande wa kutolea maji kina kifike meta moja au kuzidi kidogo, upande wa kuingilia nusu meta na kidogo. Digi iwe ya udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa, si mchanga. Hapa kwetu mvua haikosekani mwezi wowote, basi hofu yetu si ukame, ni mvua ya usiku mmoja inayopita juu ya digi na kubeba kila kitu. Wekeni tiyo ya kupunguza maji, yenye kichujio.

Kichujio hicho si cha kulinda mali yako tu. Mnamjua samaki anayeitwa Kongo ya sika. Jina lenyewe linasema habari yake: hakuwa wa mto huu, aliletwa karibu na wakati wa uhuru kwa ajili ya kufugwa, akatoroka, na leo yuko kila mahali mtoni. Yeye tumemla kwa furaha. Lakini mgeni mwingine anaweza kuwamaliza wenyeji. Sisi tumekuwa wageni katika nchi za watu, tunajua mgeni anaingiaje bila kuvunja nyumba. Usilete samaki usiyemjua.

Kona moja ya bwawa zungusheni miti, tupeni humo majani, mavi ya kuku au ya mbuzi, maganda. Hiyo inaleta ukijani, na ukijani ni chakula cha bure. Pima kwa mkono: zamisha mkono mpaka kiwiko. Kama kiganja hakionekani tena maji yakifika kiwikoni, ni sawa. Kama unakiona wazi, ongeza mbolea. Kama kimepotea kabla ya nusu, acha mbolea. Na ukiona alfajiri samaki wako juu wanahema kwa mdomo, hewa imepungua: acha kila kitu, ingiza maji mapya.

Juu ya ukijani unaongeza pumba za mchele, majani laini ya muhogo, mchwa, mabaki ya michikichi. Saa ile ile, mahali pale pale.

Ndoano ndiyo mizani yetu

Sasa nafika kwa jambo ambalo vijana walikuwa wanacheka jana waliponiona na manyoya ya kuku.

Madume wamo majini. Utajuaje kama wanakua? Kukausha bwawa kila mwezi hakuwezekani. Nyavu ya kukokota wengi hatuna, na kuazima ni feza. Na nawakataza kabisa chandarua. Chandarua cha mbu kina dawa, na dawa ile inayoua mbu inaua samaki kwa urahisi sana. Kuna watu waliosafisha bwawa lao zima kwa chandarua kimoja kipya, hawakujua ni nini kimepita.

Tunabaki na ndoano. Lakini ndoano ya mnyoo ina kasoro: samaki anaimeza mpaka tumboni, ukimtoa unamwua. Sisi tunataka kumpima na kumrudisha. Ndipo inafaa ndoano ya manyoya.

Wazungu wana uvuvi huo tangu zamani sana. Mwandishi mmoja wa Roma ya zamani, Aelian, karibu mwaka 200, aliandika kuwa watu wa Makedonia walifunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoano ili samaki adhani ni mdudu. Uvuvi huo ulifika pia Kenya. Mwaka 1905 mlowezi aliyeitwa Grogan alitia samaki wa trauti kutoka Scotland katika mto wa milima ya Aberdare, na tangu hapo wanavuliwa kwa nzi wa bandia. Wale wenye mabwawa ya machotara Marekani nao wanavua hivyo, kwa raha tu. Wana fimbo ghali na kamba nzito ya pekee, kwa sababu unyoya hauna uzito: ni kamba inayorushwa, na unyoya unafuata.

Sisi hatuna haja ya kamba hiyo. Bwawa letu ni dogo. Kata muanzi mwembamba wa meta tatu. Funga nyuzi ya nailoni yenye urefu huo huo, nchani tu. Chukua ndoano ndogo kabisa inayopatikana sokoni. Kwa koleo, bana ule mwiba wa ndoano ulale, ili itoke bila kuchana. Funga uzi wa kushonea kutoka jicho mpaka kwenye mkunjo, rudi nao, halafu zungusha unyoya laini wa shingo ya kuku mara tatu nne, kaza, funga fundo. Kamaliza. Rangi ya kijani au ya udongo inafaa, kwa sababu tilapia si mwindaji mkali. Anadhani ni kipande cha ukijani au kidudu kinachozama.

Tupa kwanza ngumi moja ya pumba mahali unapolisha kila siku. Wakikusanyika, dondosha unyoya taratibu, acha uzame, vuta kidogo. Tilapia hapigi kama mbenga. Utaona nyuzi inasimama tu, au inaenda upande. Nyanyua.

Vua kumi. Mkono uwe umelowa, usimguse kwa mkono mkavu, unamvua utelezi unaomlinda. Pima ndoo yenye maji, tia samaki kumi, pima tena, toa. Gawa kwa kumi. Andika katika kayee, na tarehe. Warudishe. Mwezi ujao, siku ile ile, fanya tena.

Kayee hiyo itakuambia mambo mawili. La kwanza, chakula. Kama una madume 400 na kila mmoja ana gramu 80, ndani ya maji una kilo 32. Wape kwa siku kama sehemu 4 katika 100, ni kilo moja na robo ya pumba. Bila kupima, utatupa kidogo wakae na njaa, au utatupa kingi kioze chini na kuiba hewa. La pili, onyo. Kama mwezi huu ni gramu 80 na mwezi ujao ni 85, kuna kitu: ama chakula, ama wageni wamezaliwa.

Lakini tusiiombe ndoano isichoweza. Ndoano inakuambia ukubwa, haikuambii idadi. Tena jike anayebeba watoto hali, basi hataguswa na unyoya wako hata siku moja. Kwa hiyo asubuhi tembea ukingoni. Ukiona kama wingu la vijinukta vyeusi vinavyokwenda pamoja, jua jike yumo. Wachote kwa kitambaa safi mapema, kabla hawajatawanyika.

Na hii kazi ya unyoya ni ya watoto wetu. Mtoto anayepima samaki kila mwezi amejifunza kugawa na kuzidisha bila fimbo ya mwalimu.

Udongo wa nani?

Sitamaliza bila neno hili, kwa sababu sisi ni warudiaji. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Lakini mnajua wote kwamba ukifika kijijini kuna mwenye udongo wa mababu, na kuna shefu. Kupanda mihogo kwa udongo wa kuazima hakusumbui mtu, mwaka unaisha unavuna. Bwawa ni kama kupanda michikichi: ni dai la kudumu. Watakuacha uchimbe, utatoa jasho miezi miwili, na siku ya samaki wa kwanza mjukuu wa mtu atatokea. Kabla ya koleo, andikeni karatasi: mpaka, miaka, na sehemu ya mavuno ya mwenye udongo. Shefu atie sahihi, na majirani wawili wa pande zote mbili. Hakuna feza ya chama iingie mahali pasipo na karatasi hiyo.

Na mavuno nayo yapangwe mbele. Mmarekani mmoja, Tidwell, aliyefundisha mabwawa kule Kalambayi, Kasai, katika miaka ya 1980, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1990. Alishangaa kuona mwenye bwawa, baada ya jasho lote, anagawa sehemu kubwa ya samaki kwa ndugu na jirani. Yeye alikuwa amepiga hesabu ya feza. Mwenye bwawa alikuwa amepiga hesabu ya siku atakapougua. Sisi tuna hesabu zote mbili, na zote ni za kweli. Basi tuseme mapema: hii ya jirani, hii ya minervali, hii ya alevini wa zamu ijayo. Isiyosemwa mapema inaleta machozi ukingoni.

Ninachoomba

Naomba shauri libadilishwe. Badala ya kila familia bwawa lake mara moja, tuanze na mabwawa mawili ya pamoja. La kwanza dogo, are moja, la uzazi. La pili are mbili, la madume. Kila familia ilete mtu mmoja siku ya kuchagua, mpaka katika kila nyumba kuwe na mikono inayojua matundu mawili na matatu. Zamu ya kwanza ikitoa samaki wa sokoni, ndipo tufungue kasha kwa mabwawa ya familia, na kila familia ipokee madume yaliyochaguliwa, si bidoni ya mgeni. Ni miezi sita au minane ya kungoja. Tumengoja mambo magumu zaidi kwa miaka mingi zaidi.

Aksanti.

Maswali ya wanachama

*Mama mmoja aliuliza:* Bwawa la pamoja si ndilo linaloibwa kwanza?

Jibu: Ndiyo, Mama, uko na haki. Kwa hiyo liwe karibu na nyumba ya mwanachama anayelala hapo, na sehemu yake ya ulinzi iandikwe. Matawi ya miti yaliyochomekwa chini ya maji yanazuia eperviye ya usiku, inakwama.

*Kijana aliuliza:* Papa, kama nina bwawa la zamani tayari, limejaa vidogo, nifanye nini?

Jibu: Usitupe chakula humo tena hata siku moja. Likaushe lote, mpaka tope lipasuke, maana vitoto vinabaki katika vidimbwi vidogo. Wakubwa kidogo uwageuze tumbo, madume uwaweke ndani ya basini au bwawa la jirani. Wengine uza, kausha, kula. Tia majivu, jaza, rudisha madume waliohesabiwa.

*Papa mmoja aliuliza:* Ni lazima manyoya? Mnyoo haufai kabisa?

Jibu: Kama samaki anakwenda kwenye sufuria, mnyoo unafaa sana. Kama anarudi majini, unyoya.

Mkutano ulipokea shauri lililobadilishwa kwa mikono mingi. Wanaotaka kujifunza kuchagua samaki wajiandikishe kwa katibu, na kila mmoja aje na basini yake.